Nani amchore kabwela?

(Maneno haya niliyazungumza mbele ya vijana wanaochora mabango na kuta za saluni, pamoja na wenzao wachache waliokuja kusikiliza. Nimeyaandika tena ili na wewe msomaji uyapate.)

Ndugu msomaji, ingia ofisi yoyote ya serikali hapa nchini, kuanzia wizarani hadi kwa mtendaji wa kata, kisha inua macho ukutani. Utaona picha ya Rais. Mara nyingi pembeni yake utaikuta ya Baba wa Taifa. Toka hapo uingie benki, uingie dukani, uingie hotelini, mambo ni yale yale. Sina ugomvi na picha hizo. Kila dola duniani ina desturi ya kutundika sura ya mkubwa wake, na fremu haijawahi kumuua mtu. Ninachouliza ni hiki: ni ukuta gani katika nchi hii unaoonyesha sura ya yule bwana aliyekaa kwenye benchi chini ya picha hiyo tangu saa mbili asubuhi, akisubiri kugongewa muhuri?

Huyo ndiye ninayetaka tumzungumze leo.

Kuna aina ya uchoraji inayoitwa uchoraji wa uhalisia. Mchoraji wa namna hiyo humchora mtu kama alivyo: ndala iliyokatika ikaungwa kwa waya, kanga iliyopauka, jicho la mtu ambaye hajalala. Akichora watu hao mmoja baada ya mwingine, mtaa baada ya mtaa, mwisho anakuwa ameichora jamii nzima kama vile mwenzake anavyochora uso wa tajiri mmoja. Wasomi wana maneno marefu kwa jambo hili. Mimi niliishia kidato cha nne, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya barazani: ni kuipiga jamii picha ya pasipoti bila kuiambia itabasamu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauko mbali. Vuka Ziwa Tanganyika uingie Kongo, kisha shika njia ya kusini hadi Lubumbashi, mji wa shaba katika lililokuwa jimbo la Katanga. Watu wa huko wanasema Kiswahili. Ni Kiswahili chao wenyewe, chenye Kiluba, Kibemba na Kifaransa ndani yake. Ukikisikia mara ya kwanza utacheka, mara ya pili utaelewa. Mji huo ulijengwa kwa jasho la wachimba madini wa kampuni ya Kibelgiji, Union Minière, ambayo serikali ya Mobutu ilikuja kuitaifisha mwaka 1967.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika mji huo kulikuwa na wachoraji wa mitaani ambao hawakuwa wakimsubiri mtalii hata mmoja. Mteja wao alikuwa mfanyakazi wa mgodi, karani, mwalimu, fundi wa reli: mtu mwenye sebule ndogo, makochi, redio, na ukuta mtupu. Mchoraji alibeba kazi zake akapita nyumba kwa nyumba. Kitambaa alichochorea mara nyingi kilitokana na magunia ya unga, yakafuliwa na kuwambwa kwenye mbao.

Picha yenyewe ilitakiwa iwe na sifa gani? Hapa nataka msomaji utulie kidogo. Walipoulizwa, wachoraji na wanunuzi walijibu kwa neno moja, na neno hilo huhitaji kamusi kulielewa: ukumbusho. Picha nzuri ni ile inayokumbusha. Kama haikukumbushi kitu, hata ikiwa na rangi za kupendeza namna gani, ni pambo tu.

Zilikuwepo za mamba muntu, yaani nguva, mwanamke nusu samaki anayeleta utajiri na balaa kwa pamoja, nazo zilinunuliwa kweli kweli. Lakini picha inayonishughulisha mimi ni ile waliyoiita kwa Kifaransa Colonie belge, koloni la Kibelgiji. Ilichorwa mara nyingi na mikono mingi, ila mpango wake ni ule ule. Ni ua wa gereza. Bendera inapepea. Mfungwa, mtu mweusi, amelazwa kifudifudi, suruali imeteremshwa. Askari, mweusi pia, ameinua kiboko. Pembeni amesimama Mbelgiji, nguo zimenyooka, anatazama tu. Wafungwa wengine, katika nguo za mistari, wanaendelea na kazi kana kwamba hakuna linalotokea.

Sasa jiulize, ndugu yangu: ni mtu gani mwenye akili timamu anayetundika picha ya mtu akichapwa matakoni juu ya kochi lake, mahali anapokaribishia wageni na mahali watoto wanapolia chakula?

Wengine watasema ni chuki dhidi ya mkoloni. Sawa, lakini Wabelgiji walikuwa wameshaondoka tangu mwaka 1960! Tazama tena picha. Anayechapa ni nani? Anayechapwa ni nani? Yule anayetazama unaweza kumbadilisha rangi wakati wowote utakao, picha ikabaki ile ile. Wakati huo Kongo ilikuwa inaitwa Zaire, na Mobutu, aliyeshika madaraka mwaka 1965, alikuwa na chama kimoja kiitwacho MPR ambacho kila raia alikuwa mwanachama wake tangu kuzaliwa, hata kichanga kisichojua kusema "mama". Taarifa ya habari ya televisheni ilianza kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni. Kutoka mawinguni, msomaji! Katika nchi kama hiyo, nani angethubutu kutundika picha ya mwananchi akichapwa na askari wa leo? Lakini askari wa Mbelgiji, nani atakukamata kwa huyo? Waliotembelea sebule hiyo walielewa, na aliyetumwa kuchungulia hakuwa na cha kuandika katika ripoti yake.

Haya ninayoyasema si ndoto zangu. Yamechunguzwa. Mtaalamu mmoja wa mila na lugha, Johannes Fabian, alikuwa akifundisha chuo kikuu Lubumbashi miaka hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1973 alibishiwa hodi na kijana mwenye picha za kuuza. Jina lake Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji huo huo ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville. Fabian alinunua, wakaanza kuzungumza, na kijana akatoa hoja kubwa kuliko za wachuuzi wenzake. Alisema yeye si mchoraji wa vipande vipande. Yeye ni mwanahistoria, naye anaweza kuichora historia yote ya nchi yake tangu mwanzo. Na akaichora! Picha 101, kuanzia mababu hadi Mobutu, na mwishoni akatia hata yale aliyoyaona yanakuja. Kila alipoleta fungu jipya alikaa kitako akaieleza picha moja moja kwa Kiswahili, kinasa sauti kikizunguka.

Nitakutajia mbili tu.

Mwezi Desemba 1941, katika vita kuu ya pili, wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma kudai mishahara. Walikusanyika uwanja wa mpira Lubumbashi. Askari wakawamiminia risasi. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, na kumbukumbu za wafanyakazi zinasema kwamba gavana wa Katanga, Maron, ndiye mwenyewe aliyempiga risasi kiongozi wao, Léonard Mpoyi. Tshibumba hakuwa amezaliwa. Aliyachora kwa kuwa wazee waliyasimulia. Atakayekuja na rula kupima kama uwanja ulikuwa na miti mingapi atakuwa amepoteza muda wake, kwani hapo hakuna aliyedai kuwa kamera. Lililochorwa ni jinsi wafanyakazi walivyolibeba jambo hilo kichwani kwa miaka 30 na zaidi bila ya mahali pa kulitua.

Ya pili ni kifo cha Lumumba. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mobutu, ambaye mkono wake ulikuwemo katika kumwangusha, aligeuka mwaka 1966 akamtangaza shujaa wa taifa. (Ama kweli wakubwa hawana haya!) Basi Tshibumba akachora maiti tatu zimelala chini, na nyuma yake, kwenye upeo wa macho, misalaba mitatu. Mkristo yeyote wa Lubumbashi alijua misalaba mitatu juu ya kilima maana yake ni nini, na alijua pia kwamba katika kisa kile yupo Yuda. Nani Yuda? Picha haikutaja jina. Ilikuwa imemchora shujaa aliyekwisha kutangazwa na serikali yenyewe. Haya, mshitaki mchoraji!

Ninapowasikia baadhi ya ndugu zangu wakisema kwamba uchoraji wa uhalisia ni kazi ya kunakili, isiyohitaji ubongo, huwa nawataka waitazame picha hiyo. Kunakili kitu gani? Maiti zile hakuziona. Mwili wa Lumumba uliyeyushwa kwa tindikali ili pasiwe na kaburi. Mbelgiji mmoja aliyefanya kazi hiyo aliondoka na jino, na jino hilo ndilo lililorudishwa kwa familia na serikali ya Ubelgiji mwezi Juni 2022. Hicho ndicho kilichobaki. Kwa miaka yote hiyo kabla ya jino kurudi, watu wa Lubumbashi walikuwa na mwili wa Lumumba mahali pamoja tu: kwenye gunia la unga lililopakwa rangi.

Tshibumba mwenyewe yuko wapi? Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani alipo. Picha zake zile 101 zipo Amsterdam, Uholanzi, katika jumba la makumbusho lililokuwa likiitwa Tropenmuseum na ambalo sasa linaitwa Wereldmuseum. Zimetunzwa vizuri, hilo sina shaka nalo. Hapana mchwa kule.

Lakini mbona hakuja Tshibumba wa pili, na wa tatu, na wa kumi? Msomaji, hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, na wapenzi wa sanaa huwa hawapendi kupagusa kwa sababu panahusu pesa. Mwaka 1974 na 1975 bei ya shaba iliporomoka katika soko la dunia. Serikali ya Zaire ilikuwa imekwisha kuwagawia vigogo wake maduka na mashamba ya wageni tangu Novemba 1973, na wengi wao wakayakausha kama ng'ombe asiyelishwa. Mshahara wa karani ukawa hautoshi unga, seuze picha. Mnunuzi alipofilisika, ukuta wake ulinyamaza. Mchoraji aliyetaka kuishi alilazimika kumtafuta mnunuzi mwingine, na mnunuzi mwingine alikuwa mgeni.

Mnunuzi ndiye anayeamua nani achorwe. Angalia nyumbani kwetu. Edward Said Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli, juu ya vipande vya mbao za dari. Kazi zake ziliuzwa Oysterbay, penye maduka ya Morogoro Stores, walikokuwa wakinunua vitu Wazungu. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 akidhaniwa mhalifu, lakini jina lake likawa jina la mtindo mzima. Ninauheshimu mtindo huo, umelisha familia nyingi. Ila hebu tuseme kweli: umejaa nini? Twiga, tembo, chui, ndege. Je, ni kwa sababu Watanzania wanaishi na twiga? La hasha! Ni kwa sababu aliyekuwa akilipa alikuja kuona twiga. Wapo waliojitahidi kutoka humo. Mohamed Charinda, mmoja wa wachoraji wa mtindo huo, alichora waganga, hadithi za vijijini na hata utumwa. Wengi hawakuweza, na siwalaumu, watoto wanakula kila siku.

Waliochora kwa ajili ya ukuta wa mchimba madini walichora watu. Waliochora kwa ajili ya sanduku la mtalii walichora wanyama. Vipaji vilikuwa sawa.

Kinshasa, mji mkuu wa Kongo, hadithi ilikwenda kwa namna nyingine kidogo. Moké, aliyefariki mwaka 2001, alichora baa, wacheza dansi, mitaa yenye matope na wanawake waliovaa wakapendeza. Chéri Samba aliingia mjini mwaka 1972 kama mchora mabango (enyi wachora mabango, mnasikia?), akafungua karakana yake mwaka 1975, akawa anaandika maneno ndani ya picha zake ili mpita njia asimame asome. Alichora rushwa, ukimwi, vimada, na yeye mwenyewe akiwa katikati. Mwaka 1989 kazi zake zilitundikwa Paris katika maonyesho makubwa, na tangu hapo bei zake si za mtu wa mtaani kwake tena. Amefanikiwa, tumpongeze. Lakini wale aliowachora hawawezi kujinunua.

Hata sasa hali ndiyo hiyo. Yupo kijana wa Kinshasa, Eddy Kamuanga Ilunga, aliyezaliwa mwaka 1991. Anachora watu wakubwa kama walivyo, wamejifunga vitambaa vya rangi kali vinavyong'aa utadhani utavishika. Nyuso zao zimechoka, wameinama. Ukisogea karibu unaona ngozi yao si ngozi: imejaa mistari na vidoa kama ubao wa ndani ya redio au simu. Mawe ya koltani yanayochimbwa mashariki ya Kongo ndiyo yanayotoa madini ya kutengenezea vipuri vya simu tulizo nazo mifukoni. Kamuanga hakuandika neno hata moja. Amemchora Mkongo, akamchora na kile kinachotolewa chini ya miguu yake. Hiyo ni sura ya jamii, na ni uhalisia, hata kama hakuna binadamu mwenye ngozi ya namna hiyo. Na imetundikwa wapi? London.

Najua kuna atakayesema: bwana wee, hayo mambo ya brashi yamepitwa, siku hizi kila mtu ana kamera kwenye simu, jamii inajipiga picha yenyewe usiku na mchana. Ni kweli. Lakini kamera huchukua kilichoko mbele yake kwa wakati ule. Haikuwepo uwanjani Lubumbashi mikononi mwa wagomaji. Haiwezi kumuweka mkoloni, askari na mfungwa katika ua mmoja na kumwachia mtazamaji kazi ya kujaza mwaka. Na picha za simu huishi kadiri simu inavyoishi. Ikiibiwa Kariakoo, ukumbusho wako umekwenda na kibaka.

Wapo pia wachoraji wetu wanaochora watu, ila kwa kazi za miradi. Utaziona ukutani zahanati: baba anatabasamu, mama anatabasamu, mtoto amenona, daktari anatabasamu, wote wana meno 32. Zahanati yenyewe haina dawa. Na wapo wanaochora wakubwa kwa kuagizwa, kitambi kimepunguzwa, miaka 15 imefutwa usoni. Riziki ni riziki, ila tusiite hizo sura za watu.

Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam. Vibanda vilivunjwa, meza zikabebwa, kina mama wakakimbia na masufuria yenye chakula cha moto. Kila mtu mjini aliona kwa macho yake. Wewe msomaji, umewahi kuuona mchoro wake? Sisemi katuni gazetini, katuni tunazo na Mungu awabariki wachoraji wake, ila gazeti la leo kesho linafungia maandazi. Nasema picha ya rangi, iliyotundikwa mahali ambapo mmoja wa wale waliokuwa wakikimbia anaweza kukaa akaitazama na kusema: yule pale ni mimi, na yule ni mke wa fulani, na yule mgambo namjua kwao.

Nilipofika hapo katika mazungumzo yetu, kijana mmoja alisimama akaniuliza swali la haki. Nikiichora picha hiyo, akasema, nimuuzie nani? Serikali haitanunua, mtalii hataielewa, na mmachinga mwenyewe hana pesa. Kitambaa ni pesa, rangi ni pesa. Nilimjibu kwamba Lubumbashi mnunuzi wa kwanza alikuwa jirani, na kitambaa kilikuwa gunia. Hakuridhika, akasema jirani yake yeye anadaiwa kodi ya miezi minne. Hapo ubishi ukapamba moto, wengine wakisema vyama vya ushirika wa wachoraji, wengine wakisema haiwezekani kabisa. Mwenzao mmoja anayechora milango ya saluni huko Mbagala alikuwa amenyamaza muda wote. Alisema yeye ataanza na kinyozi wake. Kinyozi ana ukuta tayari, na watu hukaa hapo nusu saa nzima hawana pengine pa kutazama.